Sikio la Kushoto la Fundi Cherehani

Bi Picha alikuwa na vibarua saba ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaona. Walikaa ndani ya kompyuta ya studio, kila mmoja na kazi yake. Wa kwanza alikata picha kwa vipimo vya kitambulisho, wa pili aliufanya ukuta wa nyuma uwe mweupe pe, wa tatu aliwafumbua macho waliopepesa, na wengine waliendelea hivyo hivyo hadi wa saba, aliyeshughulikia sikio. Wenye kujua mambo wangewaita programu-jalizi, yaani programu ndogo ndogo zinazopachikwa ndani ya programu kubwa ya kuhariri picha. Bi Picha aliwaita vibarua, maana aliwaandika mwenyewe kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, miaka kumi na minne iliyopita, kwa msaada wa kitabu kilichochanika jalada na ubishi wake mwenyewe.

Ukutani mwa studio kulikuwa na kibali cha kupiga picha za vitambulisho, na kibali hicho ndicho kilichomlisha. Kilikuwa na sharti moja lililoandikwa kwa wino mwekundu: picha ishirini zikikataliwa ndani ya mwezi mmoja, kibali kinahamia studio ya ng'ambo ya barabara. Mwenye studio ile alikuwa ameshapigilia msumari wa kukitundika. Bi Picha aliuona msumari huo kila asubuhi kupitia dirishani, na kila asubuhi alimtakia mwenzake heri kwa sauti ya juu na mengine kimoyomoyo.

Basi Jumatatu moja saa nne asubuhi, katikati ya uso wa mteja, kompyuta ilikata roho. Ikanunuliwa nyingine. Ile mpya ilikuja na toleo jipya la programu ya picha, na la zamani ililikataa katakata. Bi Picha akachomeka flashi yenye nakala za vibarua wake, akamwita wa kwanza. Kimya. Akamwita wa pili. Kikatokea kisanduku cheusi kikisema kuna kosa mstari wa kwanza.

"Mstari wa kwanza!" akafoka. "Hata salamu hujaisikia, ushakasirika!"

Siku nne alihangaika. Python ya zamani ukiiambia iandike kitu, inaandika tu. Hii mpya ilitaka kitu chenyewe kiwekwe kwenye mabano, la sivyo inanuna. Toleo jipya nalo lilidai kila kibarua alale kwenye folda yake peke yake, na folda iitwe jina la kibarua herufi kwa herufi. Tena kila mmoja ajitambulishe upya: anaitwa nani, anafanya nini, anataka kukaa kwenye menyu ipi. Amri zilizokuwa zikifanya kazi jana zilikuwa zimebadilishwa majina, na mwongozo ulieleza jambo hilo kwa maneno matano: imeondolewa, tumia iliyo bora zaidi. Ipi hiyo iliyo bora, mwongozo haukuona haja ya kusema.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilitenganishwa na studio kwa ukuta mmoja mwembamba. Mtu mpole, mrefu, mwenye tepu shingoni hata akienda kuoga. Siku ya tatu alisimamisha cherehani, akachungulia.

"Unagombana na nani, mke wangu?"

"Na kibarua wa tano."

"Mfukuze."

"Nikimfukuza, nani atapunguza mng'ao wa vipaji vya nyuso? Utakuja wewe na kitambaa?"

Fundi akatafakari, akaona kweli hawezi, akarudi kwenye suruali zake.

Siku ya nne, sita walikuwa wameamka na wanafanya kazi. Akabaki wa saba. Studio ilikuwa na dirisha moja, upande wa kulia, hivyo sikio la kushoto la kila mteja lilikaa gizani, na ofisi ya vitambulisho ilitaka masikio yote mawili yaonekane. Kibarua wa saba aliandikwa alitie nuru sikio hilo. Bi Picha alipoufungua msimbo wake na kuusoma polepole, alifika mstari wa arobaini na mbili, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Mstari uliagiza hivi: ukishindwa kuliona sikio la mteja, chukua lililo kwenye picha ya majaribio. Pembeni yake, kwa maneno yake mwenyewe, aliandika: wa muda tu, nitautoa kesho.

Picha ya majaribio ilikuwa ya mumewe. Siku ile ya miaka kumi na minne iliyopita hakukuwa na mteja, akamkalisha Fundi kwenye kigoda, akampiga, akamtumia kujaribia. Kesho haikufika. Kibarua hakuwahi hata mara moja kuliona sikio la mteja, kwa sababu giza lilikuwa giza, na kwa utiifu mkubwa akawa anawabandika watu wote sikio la Fundi.

Bi Picha akavuta droo ya picha za zamani, akazimwaga mezani. Mkuu wa kituo cha polisi: sikio la Fundi. Muuza mbao: sikio la Fundi. Mkunga, wakili, mwalimu wa hesabu, wote walikuwa na kikato kile kile chini kwenye ndewe, mahali ambapo Fundi aling'atwa na bata akiwa na miaka sita. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini wanawake wote wa mji ule walivua hereni ya kushoto kabla ya kukaa kwenye kigoda. Zamani picha zilitoka na hereni moja, watu wakadhani ni sheria ya ofisi, mama akamwambia binti, na sasa hata mtu akienda kupiga picha ya harusi huvua hereni ya kushoto kwanza na kuikabidhi kwa dada yake.

Aliona aibu mpaka masikio yake mwenyewe yakapata moto. Akaufuta mstari wa arobaini na mbili, akanunua taa, akaiweka upande wa kushoto, akamwandika upya kibarua wa saba kwa uaminifu kamili. Tangu siku hiyo kila mteja alitoka na sikio lake la kuzaliwa nalo. Bi Picha akalala usingizi wa mtu mwema.

Wiki mbili baadaye picha zikaanza kurudi. Zilirudi kwenye bahasha za kaki, zimegongwa muhuri mwekundu: SI MTU HUYU. Tano, kisha kumi na moja, kisha kumi na tisa. Muuza mbao alikuja na ya kwake mkononi, mtu wa miaka sabini na zaidi, anahema.

"Bi Picha, hebu niambie ukweli. Mimi si mimi?"

"Ni wewe, mzee wangu."

"Basi waandikie barua. Nyumbani wameshaanza kuniangalia vibaya."

Ng'ambo ya barabara, mwenye studio alitoka nje na kitambaa, akaupangusa msumari. Bi Picha alifunga mlango akaenda ofisini. Karani wa vitambulisho alimpokea bila kuinua uso. Alikuwa mtu aliyenyooka sana, na hata kalamu zake zilipangwa kwa urefu.

"Mashine inalinganisha picha mpya na ya zamani," akasema. "Haiangalii uso. Uso hunenepa, hukonda, huota ndevu. Inaangalia sikio la kushoto. Sikio halidanganyi."

Bi Picha akazitazama zile kalamu. Angesema nini? Kwamba kwa miaka kumi na minne mji mzima umedanganya kwa sikio moja? Akashukuru, akaondoka, na alipofika studio akaanza kazi ambayo hakuna mwongozo ulioieleza: kulihamishia kosa lake kwenye toleo jipya, likiwa zima, bila kuliharibu.

Ilikuwa ngumu kuliko vibarua wote sita. Kosa lilikuwa limezoea mazingira ya zamani. Programu mpya ililibandika sikio juu kidogo, watu wakatoka wanaonekana kama wanasikiliza jambo ukutani. Akalishusha, likawa kubwa. Akalipunguza, likageuka upande. Siku tano baadaye akalipata, akazituma upya zile kumi na tisa, na zote zikarudi na muhuri wa kijani. Karani akampigia simu kumpongeza.

"Sasa ndiyo wanafanana na wao wenyewe," akasema. "Lakini zile kumi na tisa za mwanzo bado zinahesabika. Umebakiza moja."

Zilikuwa zimebaki siku mbili mwezi uishe, na mwisho wa mwezi huo huo vitambulisho vya karatasi vilikuwa vinafutwa. Na mtu wa mwisho mjini mwenye kitambulisho cha karatasi alikuwa nani, kama si Fundi? Kila mwaka aliambiwa abadilishe, kila mwaka alikuwa na sare za shule za kushona. Bi Picha alimkalisha kwenye kigoda.

"Tulia. Usipepese."

"Nimetulia. Mbona wewe ndiye unayepepesa?"

Alimpitisha kwa vibarua sita tu. Wa saba wa kazi gani? Sikio lilikuwa lake mwenyewe, la halali, na kikato chake. Akaituma. Kesho yake asubuhi wakaitwa wote wawili, haraka, waje na kibali.

Walimkuta karani amesimama, jambo ambalo si la kawaida yake. Mashine ya kuchapia ilikuwa inatema karatasi tangu ofisi ilipofunguliwa, orodha ndefu iliyoshuka mezani, ikatambaa sakafuni hadi mlangoni, na ilibidi wairuke kuingia.

"Masikio ya mji huu yalikuwa hayafanani sana moja na jingine," karani akasema. "Kila moja limepinda kivyake kidogo. Huyu bwana hakuwa na picha ya zamani kwenye mashine, ikamlinganisha na mji mzima. Lakini yote, mama, yote yanafanana na la huyu bwana. Watu elfu nne mia tatu na kumi na mbili. Mashine inajua sababu moja tu ya masikio kufanana hivyo, nayo ni damu. Ama huyu ni baba yao, ama picha ni ya kughushi. Ikiwa ya kughushi, hiyo ni ya ishirini, na kibali unakiacha hapa mezani."

Fundi aliokota ncha ya orodha akaanza kusoma. "Muuza mbao? Huyu ananizidi miaka ishirini."

"Mashine haiulizi umri."

Akaendelea kuivuta orodha, akasimama mahali, akainua macho. "Na wewe umo. Namba elfu mbili mia nane na saba."

Karani aliligusa sikio lake la kushoto, akalipapasa chini pale pasipo na kikato chochote, akaushusha mkono. Kisha akatoa fomu kwenye droo. Juu yake paliandikwa Tamko la Wazazi.

"Watoto mnao?" akauliza, kalamu tayari.

"Hatukujaliwa," Fundi akajibu. "Miaka ishirini na sita. Tuliomba, tukatibiwa, mwisho tukaacha kuzungumza habari zake."

Bi Picha alikuwa anakitazama kibali kilichokunjwa mkononi mwake. Ni kweli waliacha. Aliacha yeye kwanza, siku moja wakati wa chakula, na Fundi akamfuata bila kuuliza, wala hakuwahi kulirudia neno hilo mbele ya mtu hadi leo.

Fundi akaichukua kalamu. Aliisoma fomu yote, kwa kuwa ni mtu anayepima mara mbili, kisha akaandika jina lake kwenye nafasi ya baba, akatia sahihi. Karani akagonga muhuri. Akanyoosha kola, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu," Fundi akaitikia.

Hakuna aliyecheka. Karani akaigeuza fomu, akaisogeza upande wa pili wa meza.

"Nafasi ya mama bado iko wazi."

Bi Picha aliandika jina lake taratibu, herufi baada ya herufi, akatia sahihi. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja akalia, na Fundi akasimama karibu yake amemshika bega, mpaka mashine ilipomaliza kuchapa majina.