Kamera Nyuma ya Gari la Baba

Baba alipoligonga tangi la maji mara ya tatu, alishuka garini, akalizunguka polepole, akalipiga kofi, kisha akamwuliza mama ni nani aliyelisogeza. Tangi lenyewe lilikuwa limejengwa kwa mawe na saruji, na lilikuwa pale kabla sijazaliwa. Mama akatazama chini, akasema labda ni watoto.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na subira yangu kwa watoto wa watu ilikuwa ndogo mno. Mwanafunzi akinidanganya kuhusu daftari tu, nililiwakia darasa zima. Lakini asubuhi ile nilisimama uani na mswaki mdomoni, nikasema, "Watoto wa siku hizi ni shida kweli."

Ndivyo tulivyoishi Garissa miaka ile ya tisini. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli, iliyozungushiwa vyuma nyuma, na kazi yake ilikuwa kubeba watu, mbuzi na magunia ya sukari kwenda vijiji vya njia ya Habaswein. Usiku gari lililala uani. Asubuhi ilibidi litoke kinyumenyume, kwa sababu ua wetu wa miiba haukuwa na nafasi ya kugeuzia hata mkokoteni. Injini ilikuwa imezeeka, kwa hiyo baba aliiwasha na kuiacha ingurume kama robo saa kabla ya kutia gia.

Ile robo saa ndiyo iliyouokoa mtaa. Injini ikikohoa tu, jirani yetu aliyepika anjera, chapati zetu za maji, njiani aliinua jiko na moto wake akahamia ng'ambo. Mwalimu wa madrasa aliwainua wanafunzi wake na mbao zao za kuandikia aya. Mwenye punda alimwondoa punda. Hakuna aliyesema neno, na hakuna aliyekuwa na haraka, mambo yalifanyika kistaarabu kabisa. Ungemwuliza mama wa anjera kwa nini anahama, angekwambia moshi unamsumbua.

Najua unachotaka kuuliza. Kwa nini hakuna aliyemwambia? Basi mwambie wewe. Mtu huyu alikuwa amewatoa nusu ya wanawake wa mtaa ule vijijini wakiwa na uchungu wa kuzaa, akawafikisha hospitali kwenye tope la mvua ambamo malori yalilala siku nne. Wale watoto waliokuwa wakihamishwa na mbao zao, baadhi yao walizaliwa nyuma ya gari lile lile. Mtu kama huyo huendi mbele yake ukamwambia macho yamekwisha. Kwetu huo si ukweli, huo ni utovu wa adabu.

Kwa hiyo tulisema ni shingo. Sijui nani alianza, lakini kufikia mwezi wa Ramadhani mtaa mzima ulikuwa umekubaliana kwamba baba ana shingo ngumu, haigeuki, na ndiyo maana kurudi nyuma kunamtatiza. Watu walimwombea shingo yake msikitini. Mtu mmoja alileta mafuta ya nundu ya ngamia kutoka Wajir, na mama akawa anamkanda baba kila jioni. Baba alikaa kimya, akakandwa shingo iliyokuwa nzima kuliko yangu.

Kwenda mbele, tuliambiana, hana tatizo. Jumamosi moja nilipanda naye kuhakikisha. Na kweli alikwenda vizuri, kwa sababu barabara ile aliijua shimo kwa shimo, na ngamia wana akili zao, walimpisha. Kisha katikati ya nyika akafunga breki kando ya kichuguu kirefu chekundu, akatoa kichwa dirishani.

"Assalaamu aleykum," akakiambia. "Unaenda mjini?"

Kichuguu hakikujibu. Baba akangoja, akasalimia tena kwa sauti kubwa zaidi. Mwishowe akaondoa gari kwa hasira, mchanga ukaruka.

"Watu wa siku hizi," akasema, "hata salamu hawarudishi."

"Kweli, Aabo," nikasema, kwa maana hivyo ndivyo tunavyomwita baba kwa Kisomali.

Abiria mmoja mzee, aliyekuwa amekaa nasi mbele, akaongeza kwamba anamfahamu yule mtu, na kwamba ukoo wao wote una kiburi. Wala hakucheka.

Haya yote ningeweza kuyavumilia hadi leo. Lakini asubuhi moja mtoto wa mama wa anjera, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, aliponyoka akarudi nyuma ya gari kufuata ndara yake. Gari lilikuwa tayari linatembea. Mama yake alijitupa, akamvuta kwa shati, na tairi likaikanyaga ndara. Alipiga ukelele ambao nausikia mpaka sasa. Baba akasimamisha gari, akauliza nani anapiga kelele asubuhi yote hii.

"Nimeungua na jiko, mzee," yule mama akajibu. Mtoto alikuwa kifuani pake.

Siku ile sikufundisha chochote. Damu ya mtu kwetu si jambo la mtu mmoja, ukoo mzima huitwa ukakaa chini na ukoo mwingine. Lakini si hilo lililonitisha. Nilijua baba akiua mtoto, naye hataishi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba lazima ufunguo uchukuliwe.

"Nani atamnyang'anya?" mama akauliza. "Wewe?"

Kwa wanafunzi nilikuwa simba, kwa baba nilikuwa mwana.

"Basi," mama akasema, "nimesikia kuna jicho la gari."

Jicho la gari lilikuwa sokoni, kwenye kambi ya wakimbizi kule Dadaab, ambako vitu vya Dubai vilifika kupitia Kismayu kabla havijafika Nairobi. Tulienda mimi na mama. Muuzaji alikuwa mwanamke aliyekuwa na duka Mogadishu kabla ya vita, na hata pale chini ya turubai la msaada alituhudumia kama tumeingia duka la vioo. Alitutandikia vitu vitatu juu ya mkeka.

Cha kwanza kilikuwa kioo cha duara, kikubwa kama sinia ya pilau. Mama akakikataa, akasema mume wake tayari ana vioo vitatu na havijamsaidia. Nilifikiri sasa atasema neno lenyewe, lakini akaongeza, "Kwa sababu ya shingo."

Cha pili kilikuwa kipaza sauti. Ukitia gia ya nyuma, sauti laini ya mwanamke wa Kijapani inawaomba watu wapishe. Muuzaji alikiunganisha na betri tukasikia. Ilikuwa sauti tamu, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Mwanamke huyu atakuwa anazungumza ndani ya gari la mume wangu?" mama akauliza. "Kila asubuhi?"

"Hazungumzi na mume wako, anazungumza na walio nyuma."

"Wote husema hivyo," mama akasema, akakisukuma kando.

Cha tatu kilikuwa kamera. Ilikuwa imeng'olewa kwenye basi la Kijapani: jicho dogo la kufungwa nyuma, waya mrefu kama kamba ya kisima, na televisheni ndogo ya kuwekwa mbele ya dereva. Picha yake, muuzaji alituambia, ni nyeusi na nyeupe lakini safi. Hakuweza kutuonyesha, kwa sababu betri yake pale haikuitosha, ila aliapa. Mama akaigeuzageuza ile televisheni, akaipapasa, akasema tunaichukua.

Sikumwuliza swali lililokuwa likiniwasha kooni. Mtu asiyeona tangi la mawe ataonaje televisheni iliyo ndogo kuliko kitabu cha hesabu? Sikuuliza, kwa sababu nami nilishakuwa mmoja wao. Njia nzima kurudi Garissa niliipakata ile televisheni mapajani, tena nikaifunika shuka isiingie vumbi.

Kumshawishi baba ilikuwa kazi ya mama, na aliimaliza kabla chai haijapoa. Alimwambia kuna tajiri mmoja mwenye lori jipya anaitaka kamera hiyo kwa udi na uvumba.

"Ifungwe leo," baba akasema.

Nilimleta fundi wa redio, mtu wa bara aliyekuwa na kibanda karibu na soko la mifugo. Nyumbani tulizungumza Kisomali, lakini kwa fundi baba alitumia Kiswahili chake cha barabarani, na kwa sauti kubwa, kama vile fundi alikuwa ng'ambo ya mto Tana.

"Jicho weka juu," akamwambia. "Chini mbuzi takula."

Fundi akaweka juu. Abiria wa kwanza atakayepanda atalikanyaga, nikasema. Akashusha katikati. Hapo, jirani mmoja akasema, litafunikwa na magunia. Mwishowe likafungwa pembeni, likitazama juu kidogo, mahali ambapo lisingeona ila geti na mbingu. Baba alisimama kando ya tairi mchana kutwa akisimamia, akionyesha kwa kidole pasipokuwa na kitu, na fundi akijibu, "Sawa, mzee." Alikuwa Garissa muda wa kutosha kujua adabu zetu.

Alasiri, baba alipokwenda kuswali, fundi aliniita pembeni akiwa ameshika ncha ya waya.

"Mwalimu, kitu hiki ni cha basi. Kinataka volti ishirini na nne, na gari lenu lina kumi na mbili. Kesho nitaleta betri ya pili. Leo hii hapa ni sanduku tu."

Kabla sijamjibu, baba akaingia getini, na nyuma yake nusu ya msikiti. Alikuwa amewaalika wote waje kuona.

"Mzee, ngoja kidogo," fundi akaanza, "bado haija..."

Mama akamkanyaga mguu.

Baba akapanda, akaifuta televisheni kwa ncha ya kikoi chake, akawasha gari. Kioo kilibaki cheusi kama kitako cha sufuria. Watu wakauliza kama anaona.

"Naona!" akajibu kwa Kiswahili, ili fundi naye asikie. "Bicha iko safi sana! Naona mbuzi, naona nyumba ya jirani. Naona mama hii, iko simama kando ya geti, nguo yake ya kijani!"

Mama alikuwa amesimama nami kwenye mlango wake wa dereva, karibu kiasi cha kumshika bega, amevaa buibui jeusi.

"Mashallah," watu wakasema.

Kisha mwalimu wa madrasa akaomba naye achungulie. Akaingiza kichwa, akatazama kile kioo kilichokufa kwa muda mrefu, akasema kweli, mbuzi anaonekana. Mwenye punda akachungulia, akasema yule si mbuzi, ni kondoo. Wakabishana. Foleni ikapangwa. Watu wazima wenye ndevu, mmoja baada ya mwingine, walitia vichwa dirishani wakaona mambo, na kila aliyetoka alikuwa na habari mpya. Hata fundi alianza kuutazama waya ulioning'inia mkononi mwake kwa mashaka.

Baba akatia gia ya nyuma. Nikamwona mama wa anjera, pale nje ya geti, anamnyanyua mtoto wake, akimbana mpaka mtoto akalia.

"Aabo, simama!"

Sikuwa nimewahi kumpazia baba sauti maishani mwangu. Ua wote ulinigeukia. Nilikuwa na hasira naye, na mama, na wale wenye ndevu na kondoo wao, na zaidi ya wote nilijikasirikia mimi niliyekubali kwamba kichuguu hakirudishi salamu. Nikaushika mlango wa gari kwa mikono miwili.

Baba akaondoa gia. Akageuza uso kuelekea sauti yangu ilikotoka.

"Mwalimu anataka kujaribu," akawaambia watu. "Mashine kama hii, hata mwalimu tawesa."

Wakacheka, na kicheko kile kilikuwa cha watu waliokuwa wameshika pumzi. Baba akahamia kiti cha abiria. Nikapanda kwa woga, maana nilikuwa nimeendesha gari mara chache tu na kwenda mbele tu. Akaniambia nipandishe kioo cha dirisha. Nikapandisha. Sasa akazungumza Kisomali, polepole.

"Tazama televisheni. Unaona nini?"

Nikatazama. Hakukuwa na kitu ila vichwa vyetu viwili, kwa mbali, vikiakisiwa.

"Sioni kitu, Aabo," nikasema. "Haina moto. Haijawashwa."

Nikangoja ang'ake.

"Hata mimi sioni," akasema. Aliweka kiganja gotini, akakitazama. "Mkono wangu huu nauona kama wa mtu aliye upande wa pili wa chandarua. Kuanzia leo endesha wewe. Nyuma na mbele."

Nikashika usukani.

"Ila usimwambie mama yako kwamba kitu chake hakifanyi kazi," akasema. "Ametoka nacho mbali. Haya, teremsha kioo, toa kichwa nje utazame nyuma kama watu."

Nikateremsha kioo, nikatoa kichwa. Mama alikuwa bado pale pale mlangoni, mikono imekamatana kifuani.

"Inaonekana?" akaniuliza.

"Inaonekana, Hooyo," nikamwambia. "Inaonekana vizuri sana." Nikafuta macho, nikatia gia.