Nilimwita Mteja wa Ng'ambo Tapeli

Makoti matatu yalinirudia kutoka ng'ambo ndani ya miezi miwili. Nchi tatu tofauti, wateja watatu wasiojuana, na malalamiko yao ni yale yale: nguo inanuka.

Mimi huyu, ninayefua kila nguo mara mbili kabla haijapigwa picha. Nikasema hapa kuna watu wananichezea.

Ngoja nianzie nyumbani, la sivyo hamtanielewa.

Nauza mitumba mtandaoni. Nafungua belo, nachambua makoti mazuri, nafua, napiga pasi, napiga picha, kisha nayapanga kwenye maboksi na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende. Wanunuzi wangu ni watu wa nchi za baridi. Ndiyo, najua, makoti yametoka kwao na yanarudi kwao. Mkitaka kucheka chekeni.

Duka langu ni chumba cha nyuma, nyumbani kwa mama mkwe. Tulihamia kwake kwa miezi mitatu tu, ndivyo alivyosema mume wangu, na sasa tulikuwa mwaka wa nne.

Mimi na mama mkwe hatukuwahi kugombana. Tulikuwa na ile adabu inayochosha kuliko ugomvi. Nikipika, anaonja kijiko kimoja, anasema asante mwanangu, anasogeza sahani. Mimi namezea.

Kwa hiyo kila koti lililouzwa nililiona kama tofali. Nilitaka mlango wangu na ufunguo wangu. Nilitaka nilale Jumapili mpaka saa nne bila mtu kukohoa koridoni. Duka likifa, na kuhama kumekufa.

Mteja wa kwanza aliporudisha, nilimrudishia hela zake kimyakimya. Wa pili pia. Wenzangu kwenye biashara hii humwambia mteja abaki na nguo, maana kulisafirisha koti kurudi huku ni ghali kuliko koti lenyewe. Mimi nikagoma, nikataka makoti yangu yarudi. Niliamini wanavaa kwenye sherehe zao, wakishapiga picha wananirudishia.

Yakaja. Nikanusa kola, nikanusa kwapa. Hakuna kitu. Roho ikazidi kuniuma.

Wa tatu alikuwa bibi mmoja mstaafu. Aliandika kwa upole kwamba koti ni zuri, ila ameliweka nje siku nne na bado hawezi kukaa nalo chumba kimoja.

Tovuti ninayouzia ikanipa njia mbili. Nikubali kosa, duka lisimamishwe mwezi mmoja. Au nipinge, na nikishindwa duka lifungwe moja kwa moja.

Nikapinga. Tena si kwa kifupi. Nilimwandikia bibi wa watu ukurasa mzima, nikamwita tapeli, nikamwambia aone aibu kwa umri wake.

Tovuti ikasema sawa, leta ushahidi. Mzigo ukifika, ufunguliwe mbele ya karani wa posta, naye ajaze fomu ya hali ya mzigo. Siku saba tangu mzigo uingie nchini, basi.

Mzigo ulipofika ukakwama forodha. Walitaka ushuru, eti ni bidhaa inayoingia kutoka nje. Nikaeleza kwamba ni koti langu mwenyewe, limerudi tu. Wakataka karatasi niliyojaza siku ya kulituma.

Sasa kwenye hiyo karatasi, kama tunavyofanya wengi wetu ili mzigo usisumbuliwe njiani, nilikuwa nimeandika "zawadi".

Ofisa akaisoma, akavua miwani. "Kwa hiyo zawadi yako imekataliwa?"

Watu wote dirishani wakacheka. Nililipia koti langu ushuru kama mgeni, na siku tano zikawa zimekwisha. Usingizi sikuwa nao. Nilikaa katikati ya maboksi yangu, sina pa kwenda mbele wala nyuma.

Siku ya sita nikawa posta asubuhi na mapema. Karani, kaka mmoja mtaratibu, akakata gundi ya kifurushi. Akarudi nyuma hatua moja.

"Dada, hii unauza wewe?"

"Ndiyo. Andika haina harufu."

Akanitazama, akaliangalia koti, akaweka kalamu chini. "Siwezi kuandika hivyo."

Kichwa kikapata moto. Nikamgeukia mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, nikamsogezea koti ili awe shahidi. Akajifunika pua kwa mtandio, akanipa pole, akasema ni vidonge vya nondo. Mzee mwingine kule mwisho wa foleni akasema yeye alidhani wamepulizia dawa ya mende ofisini.

Nikazika uso wangu kwenye lile koti. Nikavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Hakuna kitu.

Karani akainama, akatoa chupa ya spiriti anayosafishia gundi, akaifungua na kunisogezea. "Na hii je?"

Pua ilichoma kidogo. Harufu sikuisikia. Yule kaka machozi yalikuwa yanamlenga, na mimi nimesimama mkavu mbele yake.

Ndipo nikaelewa. Nilikumbuka mafua yale ya mwaka jana, yaliyonilaza wiki mbili. Baada ya hapo nilianza kulalamika kwamba vidonge vya siku hizi ni feki, havinuki. Nikaongeza viwili kwa kila boksi. Kisha kiganja kizima. Nilibadilisha duka la kuvinunua mara tatu nikitafuta vile vya ukweli.

Nikamwomba karani asijaze fomu. Nikarudi nyumbani na koti langu, na watu barabarani wakinipisha.

Mume wangu nikamkuta sebuleni na mama yake. Nikamuuliza moja kwa moja kwa nini hakuniambia.

Akasema, "Nilikuambia mara mbili. Ukasema mama ndiye amenituma."

Kweli. Nilikumbuka na siku mbili nilizomnunia.

Nikamgeukia mama mkwe. Huyu ndiye aliyehamisha kitanda chake kutoka chumba cha jirani na duka, akasema kifua kinamsumbua, na mimi nikawatangazia mashoga zangu kwamba ananikimbia. Huyu ndiye aliyekuwa akionja chakula changu kilichoungua bila mimi kusikia harufu, na kusema asante.

"Ningesema mimi, mwanangu, ungehama kesho yake," akasema. Akamwonyesha mume wangu kwa kidevu. "Na huyu ungeondoka naye. Nikaona bora nikohoe."

Nililia. Sina la kuongeza hapo.

Jioni ile nikaondoa pingamizi langu kabla muda haujaisha, duka likasimamishwa mwezi mmoja. Nikamwomba bibi wa ng'ambo radhi na kumweleza yote. Alijibu mstari mmoja: niende hospitali kwanza, mambo ya koti baadaye. Nilikwenda. Daktari alisema pua inaweza kurudi, na inaweza isirudi.

Sasa mama mkwe ana kiti chake chumba cha nyuma. Vidonge amevitupa vyote. Kila nguo inapita kwake kabla ya kufungwa. Akitikisa kichwa, inarudi kwenye beseni, hata kama mteja anasubiri. Duka nililolifungua ili nimkimbie haliwezi kutuma hata soksi bila yeye.

Wiki iliyopita mume wangu aliingia akitabasamu. Amepata nyumba ya kupanga, vyumba viwili, mlango wetu wenyewe.

Mama mkwe alikuwa na jaketi mkononi. Akaliweka mezani bila kulinusa, akaanza kukunja lililokwisha kukunjwa.

Nikamuuliza mume wangu kama kuna nyumba ya vyumba vitatu.

Wewe unayesoma, ukiona watu wa nyumbani kwako wamekuwa wapole ghafla, usifurahi haraka. Mkalishe mmoja wao, umuulize kuna nini. Na akikuambia, tafadhali usimuulize ametumwa na nani.