Mlango wa Kutokea Barabarani

Ofisini walimwita Mzee Rudia, kwa sababu hakuna rasimu iliyopita mezani kwake bila kuambiwa irudiwe. Alikuwa mtathmini katika idara ya usafiri, miaka hamsini na minane, mgongo mbovu, macho mekundu kwa kusoma. Mwaka huo alikabidhiwa faili la vituo vitatu vya reli nyepesi ya mkoa. Kampuni binafsi ilitaka kuvijenga kwa fedha zake, nayo ipewe haki ya kupangisha maduka ndani yake kwa miaka thelathini. Reli ilishalazwa, vituo havikuwepo, na kila mtu alitaka asaini tu mambo yaishe.

Alisoma wiki tano. Ujenzi ulikuwa imara, wala bei haikuwa na hila. Lakini kwenye ramani ya ghorofa ya chini aliona jambo lililomkosesha raha: abiria akishuka, hakuna njia ya kwenda moja kwa moja barabarani. Lazima apite katikati ya maduka, azunguke kona baada ya kona, ndipo atokee nje. Tena maduka yangefungwa saa tatu usiku, na treni ya mwisho ingefika saa tano.

"Hao wa saa tano watatokea wapi?" alimpigia simu mhandisi wa kampuni.

"Kuna mlinzi, mzee. Atawafungulia."

"Imeandikwa wapi?"

Mhandisi akacheka kidogo.

Jumamosi alimpeleka dada yake mkubwa, aliyeishi naye, kwenye maegesho matupu ya ofisi. Dada alikuwa na goti bovu, akitembea na mkongojo. Mzee Rudia alichora njia ile kwa chaki, urefu uleule, kona zilezile, akamwomba aipite.

Kwenye kona ya nne dada alisimama akihema. "Nimefika?"

"Bado, dada. Hapo uliposimama ni duka la viatu."

"Wamefikiria vizuri. Hivi nilivyovaa vitakuwa vimeshaisha."

Walicheka mpaka dada akalazimika kukaa chini. Alipumzika weee, kisha akamalizia. Dakika kumi na saba, na hapo ngazi hazijahesabiwa.

Jumatano aliiambia kamati ya idara kwamba kila kituo kiwe na mlango wake wa barabarani, usiofungwa mpaka treni ya mwisho ipite. Mkurugenzi, mwanamke aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na tano, alijikanda paji la uso.

"Kaka yangu, mlango mmoja unakula nafasi ya maduka manne. Wakijitoa, tutajenga na nini?"

"Sijui, bosi. Ila tukisaini hivi, tumejenga soko ambalo treni inapita."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho kampuni ilikubali milango miwili. Kituo cha tatu, kile cha mtaani kwake, kingebaki kama kilivyochorwa, kwa kuwa kiwanja kilikuwa chembamba. Waliongeza sharti moja kwamba lazima mlinzi awepo mpaka treni ya mwisho. Mzee Rudia aliliandika sharti hilo kwa mkono wake, akasaini. Hakusikia furaha wala hasira. Alisikia usingizi tu.

Nyumbani alimkuta dada anachambua maharage. Akamweleza yote, la kituo chao akalisema mwisho, kwa sauti ya chini.

"Kwa hiyo viwili vimepona," dada alisema.

"Viwili."

"Na cha kwetu?"

"Hicho kimenishinda, dada."

Dada aliendelea na maharage yake, akitupa mawe pembeni. "Mimi nitashukia cha kabla yake, nije polepole. Wewe vua viatu kwanza."

Hakuvivua. Alikuwa ameshalala kwenye kochi, tai ikiwa bado shingoni, na kesho yake saa mbili kulikuwa na faili la madaraja.