Shimiti, Jina la Mfua Majembe

Siku ile bado naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka fimbo yangu. Alikuja mgeni hapa Kasongo, mchuuzi wa mpunga, akamuuliza baba yangu imekuwaje Waislamu kama sisi tukaitwa Shimiti. Baba alipenda kujikweza. Akajibu kwamba yeye ni damu ya Mjerumani.

Bibi, mama yake, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Akaja na mchi mkononi.

"Huyo Mujerumani nililala naye siku gani?" akamuuliza. "Miye niliolewa na mufua majembe wa Lusangi. Kama wewe uko mutoto wa muzungu, basi miye niko mutu gani?"

Mgeni alitazama chini, nami nikaona aibu hadi nikatoka nje.

Baadaye bibi alinieleza. Babu alivuka ziwa akiwa kijana, akafanya kazi Ujiji kwa mhunzi wa Kijerumani aliyeitwa Schmidt. Huko kwao Ujerumani wahunzi waliitwa hivyo tangu zamani kwa sababu ya kazi yao, na wajukuu wakalirithi jina hata walioacha kushika nyundo. Babu aliporudi Lusangi hakuacha kumtaja: Shimiti alifua hivi, Shimiti alipoza chuma hivi. Watu wakachoka kumsikiliza, wakambandika yeye jina hilo. Asili yake ndiyo hiyo tu.

Sasa nasikia nawe huko Salamabila unawaambia wanunuzi wa dhahabu kuwa wewe ni kitukuu wa Mjerumani. Na Ijumaa tunampa mwanao jina, nawe unataka tunapowataja wazee waliomtangulia tumtaje huyo mzungu mahali pa babu yangu. Nimechoka, mwanangu. Bibi hayupo tena wa kuja na mchi, na mikono yangu haina nguvu.

Jina baki nalo, wala usilionee haya. Ila ukiulizwa, sema lilitoka kwenye kazi ya chuma. Usimvunjie heshima mama aliyemzaa babu yako ili wanunuzi wakuheshimu wewe.

Mungu amkuze mtoto, ampe afya na mikono ya kazi, akulinde na wewe njiani, maana barabara ya Kabambare ni mbaya. Njoo mapema. Ijumaa mfua majembe utamtaja wewe mwenyewe, mimi nikiwa bado nasikia.