Honi Ndani ya Kasida

Siku yangu ya kwanza kazini, katika studio ndogo ya Butembo, mashariki mwa Kongo, Mkuu wa Studio alinivisha kaske, vile visikilizio vya masikioni, akaniamuru nisikilize chumba kitupu.

"Unasikia nini?"

"Hakuna kitu, Chef."

"Donc, masikio bado hauna."

Kila chumba kina pumzi yake, na sisi tuliipunguza kwa kupigilia vipande vya godoro ukutani. Kazi yetu kubwa ilikuwa kukata: kikohozi, kiti kinacholia, jogoo wa jirani. Wimbo safi ndio uliokuwa heshima ya fundi sauti.

Miaka ikapita, nikahamishiwa Beni chini ya Mkuu wa Ufundi, kijana mkali, mpenda usafi wa sauti kuliko hata yule wa Butembo. Ndipo akina mama wa kasida walipokuja kurekodi, wakiongozwa na Mama Zaituni. Mume wake, Musa, alikuwa ameenda Mutwanga na pikapu yake kupakia kakao. Barabarani watu walikuwa wakishambuliwa, na simu yake haikupatikana tena. Waimbaji wenzake walimsihi Mama Zaituni arudi nyumbani.

"Nyumbani nitafanya nini? Nitaangalia ukuta?" akajibu. "Tuimbe."

Kwenye kaske niliisikia sauti yake ikitetemeka mwishoni mwa kila mstari, kama mkono unaobeba kikombe kilichojaa. Katikati ya ubeti, honi ikalia nje, fupi, fupi, kisha ndefu. Beni magari tunayajua kwa honi zao. Mama Zaituni akacheka kabla hajamaliza neno. Matari yakaanguka, kandambili zikakimbia, mlango ukabaki wazi. Sikuzima mashine, na mikro ikanasa maneno ya uani:

"Musa! Ulishakula?"

"Bado, mama."

"Mais angalia huyu mutu! Na simu yako?"

"Moto iliisha ndani ya batri."

Kisha mtu akavuta kamasi. Hata leo sijui ni nani kati yao.

Mkuu wa Ufundi akaingia amekunja uso. "Papa, hii ni kasida ao ni parking? Kata, barudilie."

Nikairudisha rekodi nyuma, nikampa kaske. Akasikiliza mpaka mwisho, akaivua polepole.

"Acha ivi ivi," akasema, akatoka.

Sasa nimestaafu, nalima viazi kijijini Musienene. Mafundi wa leo wana programu za kufuta kila kelele, na siwalaumu. Nami ningefurahi kuwa nazo. Lakini redio inapoipiga ile kasida, majirani zangu, Wakatoliki wasiojua hata neno lake moja, husimamisha majembe wakingoja ule mwisho. Kuhusu uimbaji hawaniulizi kitu. Huuliza:

"Na ule bwana, balimupatia nini akule?"

Ndizi na maharagwe, nawaambia. Kilikuwa chakula cha Mkuu wa Ufundi, na ni yeye mwenyewe aliyebeba sahani mpaka kwenye pikapu.