Baruti ya Saza

Mjukuu wangu, anayefundisha sayansi Vwawa, aliniambia kwamba nyota kubwa ikifa hulipuka, na mlipuko huo hutikisa anga lote, hadi mawimbi yake yanapita kwenye dunia na kwenye miili yetu bila sisi kuhisi chochote. Tena mtikisiko hutangulia, akasema. Mwanga wa kifo chenyewe hufika nyuma yake, baada ya saa kadhaa. Wataalamu wamejenga mitambo ya gharama kubwa ya kunasa mitikisiko ya anga, na ule wa nyota inayolipuka bado wanausubiri. Nikamwambia awaache wasubiri, mimi kitu cha namna hiyo kilinifika nikiwa binti mdogo. Alicheka. Sikuwa natania.

Enzi za Mwingereza, baba aliacha kahawa yetu ya Mbozi akashuka Saza kuchimba dhahabu. Mgodi ulikuwa mdogo, leo hata mdomo wake umemezwa na vichaka. Yeye alikuwa mwasha baruti: mwisho wa kazi, wenzake wakishatoka shimoni, aliwasha tambi ya baruti kisha naye akatoka mbio. Kwa hiyo baruti ikilipuka, maana yake ilikuwa moja tu: watu wote wako nje.

Kambi yetu ilikuwa nyuma ya kilima, na mtambo wa kusaga mawe ulipiga kelele kutwa, basi mlio wenyewe hatukuusikia. Lakini wanawake walikuwa na akili yao. Kila mlango ulikuwa na beseni la maji. Jua likianza kulegea waliyatazama maji yale huku wakichambua mboga, na yakitikisika tu, kila mmoja alibandika sufuria ya ugali. Ugali ukiiva, mume yuko mlangoni. Aliyechelewa kubandika alichekwa wiki nzima.

Siku ile maji yalitikisika jua likiwa bado kali. Jirani yetu, mwanamke wa Kibemba kutoka ng'ambo ya mpaka, alipiga vigelegele, akamwita mama kwa lugha yake.

"Mayo, leo wamewaachia mapema!"

Mama akafurahi. Nasema akafurahi, na neno hilo linanichoma mpaka leo. Alinituma majani ya maboga, akabandika maji, akasonga ugali huku anaimba wimbo wa kanisani. Kambi nzima ilifuka moshi. Akapakua, akafunika ugali kwa sahani, akanawa uso, akajifunga kanga yake ya Jumapili. Wakati anaimba, baba alikuwa amekufa, au anakufa.

Hakuja mtu. Ugali ulikuwa umeshapoa nyapara alipofika, kofia mkononi.

"Shemeji," alisema, "baruti imelipuka watu wakiwa ndani. Mwamba umeshuka."

Mama alimtazama kana kwamba nyapara ndiye aliyechanganyikiwa. "Hapana. Maji yametikisika. Wameshatoka."

Nyapara hakumwelewa. Sisi tulimwelewa.

Walichimba kwa siku chache, wakachoka. Mzungu mwenye mgodi akaamua njia ile ya shimoni izibwe na kazi ihamie upande wa pili wa mwamba uleule. Mama alimfuata hadi ofisini, akapiga magoti, akaomba apewe mwili tu, akauzike Mbozi kwa baba zake. Kwetu mtu asiyezikwa hajamaliza kufa. Mzungu alikuwa mpole, nakumbuka, na upole wake haukutusaidia chochote. Alimpa mama blanketi.

Tulikuwa bado tumekaa msibani, wanawake wameketi chini, miguu imenyooshwa, ardhi ilipotetemeka tena. Saa ya kawaida, baruti ya kawaida. Jirani yetu alinyanyuka taratibu akaenda kubandika sufuria. Mume wake alikuwa amenusurika, na angerudi na njaa. Simlaumu. Wengine nao wakamfuata mmoja mmoja, wameinamisha macho.

Mama aliweka viganja vyote viwili juu ya udongo, akaviacha hapo mpaka ukatulia.

"Yumo humo," alisema, "na wanamlipua tena."