Shamba la Visiki, Nje Kidogo ya Mkonze

Mwaka wangu wa kwanza kwenye maabara ya udongo nilichimba zaidi ya nilivyosoma. Baba yangu, anayeuza vitambaa mjini kama babu yake alivyouza, alikuwa akiziangalia kucha zangu tukiwa mezani na kuniuliza kama kweli nilipita chuo kikuu.

Tulikuwa tunatafuta mashamba yanayohifadhi kaboni ardhini, ile ambayo mimea huivuta kutoka hewani na kuiacha kwenye mizizi na majani yanayooza. Nilikuwa nikipigilia bomba la chuma ardhini, natoa udongo, nautia mfukoni, naandika namba. Maabarani tuliukausha, tukaupima, tukauchoma kwenye tanuri, tukaupima tena. Kilichopungua ndiyo mabaki ya mimea yaliyoungua, na humo ndimo kaboni inamokaa.

Nje kidogo ya Mkonze kulikuwa na shamba la mama mmoja wa Kigogo, mjane mwenye maneno makali. Majirani zake walikuwa wameng'oa visiki vyote ili jembe lipite. Yeye aliviacha vichipue, akapunguza matawi, akabakiza shina moja au mawili kwa kila kisiki yakue, na katikati yake akapanda uwele na karanga. Walimwita mvivu.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba. Na wewe umekuja kunifundisha kung'oa visiki?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuomba udongo."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Udongo! Haya, chukua. Hakuna aliyewahi kuniomba huo."

Majibu yalipotoka, udongo wake ulikuwa umepungua uzito tanurini kuliko wa shamba lolote tulilopima, yaani ulikuwa na kaboni nyingi kuliko wote. Niliikagua mizani, nikakagua daftari, kisha nikampelekea karatasi mkuu wangu wa maabara, daktari wa sayansi ya udongo. Aliisoma, akavua miwani.

"Umechanganya mifuko."

"Sijachanganya, daktari."

"Basi kuna samadi. Mtu amelaza ng'ombe pale. Udongo mwekundu ule hauwezi kutoa namba hizi. Zifute, ripoti inakwenda wiki ijayo."

Nilirudi nyumbani Area D ndani ya bajaji nikiwa nimeuma meno. Sikuwa na hasira naye tu. Niliogopa kwamba huenda kweli nilikosea.

Asubuhi nilimkuta mlangoni kabla hajafungua ofisi. "Daktari, naomba twende wote. Wewe uchague pa kuchimba, na namba uandike kwa mkono wako. Mimi nitachimba tu. Nikionekana nimekosea, nitafuta mwenyewe."

Alirudi kwenye gari kuchukua kofia yake.

Kilikuwa kiangazi. Katika shamba la jirani ardhi ilikuwa kama tofali, nikagonga bomba kwa nyundo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Shambani kwa yule mama, bomba lilizama kwa mapigo machache. Mkuu aliona. Alipiga magoti, akachota udongo, akaunusa.

"Mama, uliwahi kulaza ng'ombe hapa?"

"Ng'ombe wa nani? Wa mwisho alikufa kabla mjukuu wangu hajazaliwa, na mjukuu sasa ana mume."

"Mbolea je?"

"Majani ya miti yangu hii, baba. Na maganda ya karanga."

Tuliporudi maabara, safari hii mkuu alikaa mbele ya mizani yeye mwenyewe. Alisoma namba, akafuta sahani ya mizani, akapima upya. Akarudia mara ya tatu. Kisha akawaita wafanyakazi wote.

"Nilimwambia binti huyu afute kazi yake," alisema. "Aliyekosea ni mimi."

Nilitaka kujibu kwa adabu, kama msomi. Badala yake nilipiga kigelegele, mlinzi akaja mbio akidhani tanuri limelipuka.

Ripoti ilikwenda na namba zake zote. Baadaye tulipeleka majibu kwenye mkutano wa mtaa, na mkuu akamwomba mama asimame pembeni yake wakati akieleza. Mama alisimama wima, hakutabasamu hata kidogo. Jirani mmoja, aliyevuma zaidi kwa kumsema, akanyoosha mkono.

"Sasa na sisi tukiviacha visiki vyetu, tuanzie wapi?"

"Anzia kwenye adabu," mama alisema. "Tangu nimefika hapa hujaniamkia."

Watu waliangua kicheko. Mwanamume yule mzima akavua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo kesho na panga lenye makali, nikuonyeshe shina la kubakiza."

Alikuja, na wengine wakamfuata. Nilipofika asubuhi hiyo niliwakuta wametawanyika shambani, mama akiwa amejifunga khanga kiunoni, anamfokea mtu aliyekuwa amekata shina lililonyooka kuliko yote.